Noti ya G inanguruma ukumbi mzima, A inapotea: tatizo ni hedi, boksi au ukumbi?

#1 KambaNne
Wakuu, habari za jioni. Naomba tusaidiane, maana bendini kila mtu ana jibu lake.

Vifaa: hedi (amplifaya ya besi) ya wati 500 kwa omu 4, boksi moja la spika mbili za inchi 10, omu 8, gitaa la besi la kamba nne. Chumba cha mazoezi ni mita 4 kwa 5, kina mazulia, na kila noti inatoka sawa. Ukumbini mambo yanageuka. Ukumbi ni mita 18 kwa 10, dari ya jipsamu iko mita 3.5 kutoka sakafuni, kuta za tofali, upande mmoja vioo. Jukwaa ni la mbao, kimo sentimita 60, chini yake wazi. Uso wa boksi langu uko mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Besi inaingia pia kwenye miksa kwa DI (kiboksi cha kuunganisha besi na miksa), na sabwufa mbili za ukumbi ziko chini mbele ya jukwaa, kama mita 3 kutoka kwenye boksi.

Shida: G ya fredi ya tatu kwenye kamba ya E inanguruma mpaka vioo vinatetemeka. A wazi (kamba ya A bila kubonyeza fredi) ukiipiga ni kama hujapiga. Nikipandisha besi kwenye hedi, G inazidi na A inabaki palepale. Nibadilishe hedi, ninunue boksi la pili, au ukumbi ndio wenye shida?

#2 SoloKavu
Boksi dogo hilo mkuu. Besi inataka inchi 15. Weka 15 moja tu, A itarudi yenyewe.

#3 FundiBoksi
SoloKavu, hapana. Upana wa koni peke yake hauamui besi inashuka hadi wapi. Kinachoamua ni spika yenyewe, ujazo wa boksi, na kama boksi limezibwa au lina tundu. Chukua lile boksi la Ampeg la inchi 10 nane. Limezibwa kabisa, ndani limegawanywa vyumba vinne, spika mbili kila chumba. Kwa takwimu za kiwanda liko chini desibeli 3 likifika 58 Hz (mitetemo 58 kwa sekunde), na desibeli 10 likifika 40 Hz. Maana yake E wazi inatoka chini sana kuliko noti za juu, na bado boksi hilo limebeba majukwaa makubwa kwa zaidi ya miaka 50. Masikio yetu yanaipata besi zaidi kwenye oktavu ya juu ya noti, kati ya 80 na 250 Hz.

Isitoshe, boksi lingekuwa ndilo bovu, A ingepotea hata mazoezini. KambaNne amesema kule iko sawa.

#4 JengoNaSauti
Jibu liko kwenye vipimo alivyoweka. Tuanze na ukuta wa nyuma.

Sauti nzito haiendi mbele tu, inazunguka boksi pande zote. Ile ya nyuma inagonga ukuta na kurudi. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa sawa na nusu ya wimbi, inayorudi inavuta wakati koni inasukuma, zinafutana. Hesabu ya haraka: gawanya 86 kwa umbali wa mita kutoka uso wa spika hadi ukutani. 86 kwa 1.5 ni 57 Hz. A wazi ni 55. Hiyo ndiyo inayopotea.

Sasa G. Sakafu na dari zinatazamana kwa mita 3.5, kwa hiyo wimbi linalojikita kati yake lina urefu wa mita 7. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. 343 gawanya kwa 7 ni 49 Hz, na G ya fredi ya tatu ni 49.0 Hz. Sogeza boksi hadi ukutani, punguza 49 kwa ekwalaiza ya mkato mwembamba. Hakuna cha kununua.

#5 SoloKavu
Subiri kwanza. E ya chini si 82 Hz? Basi A ni 110 na G hiyo ni 98. Hesabu zako zote ziko nusu.

#6 DadaBesi
82.4 ni E ya gitaa lako wewe kaka. Besi iko oktavu moja chini: E 41.2, A 55, D 73.4, G wazi 98. Wenye kamba tano, B ni 30.9. Njoo usimame upande wetu wa jukwaa siku moja, utazizoea.

JengoNaSauti, hesabu zako nazikubali ila 343 ni mwendo wa sauti kwenye nyuzijoto 20. Ukumbi wa Dar wenye watu unafika 30, na hapo sauti inakwenda kama mita 349. Ule mfuto wa ukutani unapanda hadi 58 Hz, ambayo ni A kali (58.3), si A. KambaNne, jaribu hiyo noti ya fredi ya kwanza kwenye kamba ya A. Ikiwa imepotea kuliko A, ukuta unahusika. Ikiwa iko sawa, tutafute mwizi mwingine.

#7 JengoNaSauti
Sawa dada, nyuzijoto nimeziacha. Lakini mfuto huo si mwembamba, unakula noti mbili tatu jirani. A na A kali zote ziko ndani yake. Bendi nyingi hazikai sana kwenye A kali, ndiyo maana A inalalamikiwa peke yake.

#8 MzeeDansi
Vijana, mnapiga hesabu za dari na boksi limesimama juu ya ngoma. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini lina noti yake. Plaiwudi ya milimita 18 juu ya mbao zilizoachana sana, ukiweka juu yake boksi zito linalotetemeka, jukwaa lote linapiga. Mwiteni mtu apige G taratibu, mwingine apige magoti na kuweka kiganja mbaoni katikati ya jukwaa, kisha pembeni juu ya nguzo. Mkisikia mbao zinacheza G kuliko noti nyingine, jibu mmelipata.

Dawa: boksi lipandishwe juu ya kreti mbili za soda, kati ya kreti na boksi weka sponji ngumu ya sentimita 5, au mpira mzito vipande vinne pembeni. Sponji ya godoro laini haifai, boksi likilala inabonyea yote na mtetemo unapita kama kawaida. Au literemshwe kabisa likae kwenye saruji kando ya jukwaa.

Na hizi boksi kubwa mnazozitaja, zilitengenezwa kwa sababu. Hedi ya SVT ya Ampeg ilitoka 1969, wati 300, valvu 14, kwa sababu wakati ule mitambo ya ukumbi ilibeba sauti za waimbaji tu. Mpiga besi alitakiwa kuujaza ukumbi kwa boksi lake. Leo sabwufa ndizo zinazojaza, boksi la jukwaani ni la bendi kujisikia.

#9 FundiMitambo
Shikamoo Mzee. Hapo mwishoni ndipo ninapotaka kuingilia, maana wote mmelisahau jambo aliloliandika mwenyewe: sabwufa ziko mita 3 mbele ya boksi.

Noti moja inatoka sehemu mbili. Msikilizaji aliye mbele anapata ya sabwufa kwanza, ya boksi inachelewa mita 3. Nusu ya wimbi ikiwa mita 3, wimbi ni mita 6, na 343 kwa 6 ni 57 Hz. Ni namba ileile ya ukutani! Kwa hiyo JengoNaSauti anaweza kuwa amepata namba sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Jinsi ya kutenganisha, dakika tano tu:
Piga A wazi mfululizo, mtu asimame katikati ya ukumbi. Zima sabwufa, boksi libaki. Washa sabwufa, zima boksi. Kisha zote. A ikiwepo kila moja ikiwa peke yake na ikapotea zikiwa pamoja, zinapigana. Ikikosekana boksi likiwa peke yake, ni ukuta au boksi.

Kama zinapigana: kwenye miksa ya dijitali chelewesha mitambo yote ya mbele, sabwufa na tops (spika za sauti za kati na za juu), kwa milisekunde 8.7, ambazo ndizo mita 3. Usicheleweshe sabwufa peke yake, utazivuruga na tops. Miksa ya analogi haina kitu hicho, basi bonyeza kitufe cha kugeuza chanya na hasi kwenye chaneli ya besi, usikilize. Au punguza boksi la jukwaani. Vita vya aina hii vinaonekana tu sauti mbili zikiwa na nguvu zinazokaribiana. Moja ikiizidi nyingine kwa desibeli 10, mfuto hauonekani.

#10 DadaBesi
Nimeirudia #4 na kuna jambo halikai. Wimbi la kwanza kati ya sakafu na dari lina msukumo mkubwa sakafuni na darini. Katikati, mita 1.75, msukumo unakaribia sifuri. Mtu aliyesimama, masikio yake yako mita 1.5 au 1.6. Amekaa karibu kabisa na sehemu tulivu ya 49 Hz, anatakiwa kuisikia G kidogo kuliko noti nyingine. Aliyekaa kwenye kiti, masikio mita 1.2, anapata kiasi. Mwenye kulala sakafuni ndiye angelalamika. Watu wa KambaNne wamesimama wanacheza.

Pia dari ya jipsamu si zege. Inacheza, na besi nyingi inapita hadi kwenye bati. Kimo halisi kwa besi hakiko pale jipsamu ilipo.

Ukitafuta mwenye makosa, angalia urefu na upana: mita 18 ina wimbi la tano kwenye 47.6 Hz, mita 10 ina la tatu kwenye 51.5. G imekaa katikati yao.

#11 JengoNaSauti
Hoja nzuri, na nimelazimika kurudi kwenye karatasi. Kwa 49 Hz uko sahihi. Lakini FundiBoksi alisema hapo #3 kwamba tunasikia oktavu ya juu zaidi ya noti yenyewe, na boksi la inchi 10 mbili linatoa 98 Hz kwa nguvu kuliko 49. Wimbi la pili la kimo hichohicho ni 98 Hz, na lenyewe lina msukumo mkubwa sakafuni, darini NA katikati. Masikio ya mita 1.6 yanalipata karibu lote.

Kipimo rahisi: piga G wazi, kamba ya kwanza. Noti hiyo yenyewe ni 98 Hz. Ikinguruma kama G ya chini, ni kimo. Ikitulia, nitakubali urefu na upana.

#12 FeziMoja
Mbona hakuna aliyeuliza umeme? Umeme wetu ni 50 Hz. G ni 49. Kama kuna mngurumo wa ethi kwenye mfumo, uko juu ya noti hiyohiyo na oktavu yake ya 100. Ukipiga G, zinapishana na unasikia sauti inapanda na kushuka kama mara moja kwa sekunde. Shika kamba zote zinyamaze, ongeza sauti, sikiliza. Ukisikia mngurumo, hiyo ni sehemu ya tatizo lako.

Chanzo cha kawaida ni hedi kuchomekwa soketi ya jukwaani na miksa kuchomekwa soketi ya mwisho wa ukumbi, DI ikaziunganisha. Bonyeza kitufe cha kuachia ethi kwenye DI. MSIKATE mguu wa ethi kwenye plagi. Hedi ikipata hitilafu, umeme utatafuta njia kupitia kamba za gitaa na mikono yako, na mdomo ukiwa kwenye maikrofoni ni kifo.

Na mkitumia ekstensheni ya waya wa milimita 1.5 mita 50, kwenye ampea 10 mnapoteza volti 12 njiani. Waya wa 2.5 unapoteza kama 7. Ukumbi ambao umeme unafika tayari ukiwa mdogo, hedi ya valvu inalegea na besi inakuwa laini.

#13 KambaNne
Nawashukuru sana. Tumepima leo ukumbi ukiwa mtupu. Matokeo:

Kamba zikinyamazishwa, mngurumo ulikuwepo mdogo, umeondoka kwa kitufe cha DI. G bado inanguruma.
Kiganja jukwaani: mbao zinacheza, lakini zinacheza kuanzia F hadi A, si G tu. Tumeweka kreti na sponji. Vioo vimepunguza makelele, G imepungua kiasi.
Sabwufa peke yake: A ipo. Boksi peke yake: A ipo ila nyembamba. Pamoja: haipo.
Boksi likiegemea ukuta, pamoja na sabwufa: A imerudi nusu. A kali nayo iko sawa.
G wazi: inanguruma katikati ya ukumbi, kwenye ukuta wa vioo haingurumi. G ya chini inanguruma kote.

#14 JengoNaSauti
Boksi peke yake A nyembamba, likienda ukutani inarudi. Ukuta.

#15 FundiMitambo
Umelisogeza nyuma, sasa kutoka boksi hadi sabwufa si mita 3 tena, ni zaidi ya 4. Mfuto wangu nao umeshuka hadi 43 Hz au chini yake. Kusogeza boksi kumebadili vyote viwili kwa pamoja, jaribio halitenganishi. Rudisha mita 1.5, geuza chanya na hasi tu, utuambie.

#16 MzeeDansi
G imepungua kwa kreti. Naomba iandikwe.

#17 DadaBesi
Imeandikwa Mzee. Lakini kreti imeinua boksi sentimita 30 hivi, umbali kutoka mbaoni nao umebadilika. G wazi kusikika katikati na kutosikika kwenye vioo inanipa shaka na kimo, kwa sababu wimbi la kimo halichagui umesimama wapi kwenye upana. Hapo kuna upana ndani yake.

#18 BezNairobi
Salamu kutoka Nairobi. Mimi swali langu ni la kanisa. Paa la mabati tupu, hakuna dari, kuta za mawe, mita 25 kwa 12. Besi ni kelele tu, huwezi kusema ni noti gani. Kuna mtu alituambia wimbi la besi ni mita 8 na haliwezi kutosha chumba kidogo, kwa hiyo tujenge kubwa zaidi. Ni kweli?

#19 DadaBesi
Karibu ndugu. Si kweli. Sikio linasikia msukumo wa hewa kupanda na kushuka, halihitaji wimbi lote lipate nafasi ya kulala. Vinginevyo hakuna mtu angesikia besi ndani ya gari au kwa hedifoni. Chumba kidogo hubadilisha noti zipi zinazidi, hakizizuii kuwepo.

Kanisani kwako shida ni muda. Mawe na mabati vinarudisha sauti, noti ya kwanza haijafa, ya tatu imeshaingia. Ekwalaiza haiwezi kuua mwangwi, inaweza tu kuunyima chakula. Washa lokati (kichujio kinachokata sauti za chini kabisa) 40 Hz, punguza desibeli 3 hadi 4 kwenye 200 hadi 250, pandisha 2 hadi 3 kwenye 700 au 800 ambako kidole kinasikika kikigusa kamba. Shusha boksi la jukwaani. Halafu kazi kubwa iko mkononi: noti fupi, kiganja cha kulia kinagusa kamba karibu na daraja, acha nafasi.

#20 FeziMoja
Mabati yenyewe nayo yanapiga. Mtu apige kutoka E hadi E ya juu, noti moja moja, mwingine atembee akitazama juu. Utakuta bati moja au mbili zinalia kwa noti fulani. Ni skrubu zilizolegea au waja za mpira zilizokauka kwa jua. Badilisha waja, kaza. Sauti hiyo wengi huidhani spika imepasuka.

#21 FundiMitambo
Ongezea: usipange besi kanisa likiwa tupu ukaondoka. Watu wanakula sauti za kati na za juu, besi nzito hawaigusi sana. Kanisa likijaa, besi inabaki na ule mguso wa kidole unapungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Watu wakiingia ongeza kidogo 700 hadi 1000, mkono usiguse kitufe cha besi.

#22 SoloKavu
Basi anunue boksi la pili au asinunue? Hilo swali la #1 mmelikwepa wote.

#23 FundiBoksi
Safari hii umeuliza vizuri. Hedi yake inatoa 500 kwa omu 4. Kwa boksi moja la omu 8 hedi za namna hiyo hutoa kama 250 hadi 300. Akiongeza boksi lilelile la omu 8, jumla inakuwa omu 4, anapata wati zote: desibeli 3 hivi. Spika zikiwa nne zinasukuma pamoja, besi inaongezeka nyingine 3. Jumla hadi desibeli 6. Ni nyingi, ila si mara mbili ya sauti kwa sikio, hiyo inataka kama 10. Yasimame moja juu ya jingine, la juu lifike karibu na masikio yake. Yakiwekwa sambamba, sauti za kati zinachanganyika vibaya kwa walio pembeni.

Asije akaongeza la tatu. Omu 8 tatu ni 2.67, hedi ya mwisho omu 4 itajizima au itaungua. Waya wa kwenda kwenye boksi uwe wa spika, milimita 2.5 mbili. Waya wa gitaa una nyuzi nyembamba katikati, kwa wati 300 unapata moto na ganda la ndani linayeyuka hadi unapiga shoti. Hedi ya valvu ni hatari zaidi: boksi likichomoka wakati unapiga, transfoma ya kutolea sauti inaweza kwenda.

Lakini boksi la pili halitairudisha A. Mahali palepale, ukuta uleule, sabwufa zilezile.

#24 BezNairobi
Asante dada na wakubwa wote. FundiBoksi, seremala wetu alichonga boksi la spika moja ya inchi 12, lita 60, bomba moja. Besi ikawa kidogo akatoboa bomba la pili. Ikawa mbaya zaidi, sasa inapiga "bum" noti zote.

#25 FundiBoksi
Hilo kosa liko kila mahali. Bomba la pili halishushi besi, linaipandisha. Lita 60 na bomba la kipenyo cha ndani sentimita 10, urefu sentimita 12, linaimba kwenye 45 Hz hivi. Weka la pili kama hilo, linapanda hadi kama 64. Nguvu zote zinarundikana pale C hadi D, na chini yake koni inabaki bila hewa ya kuizuia, inacheza sana bila kutoa sauti.

Ziba la pili kwa kipande cha plaiwudi milimita 18, gundi ya mbao kuzunguka, skrubu kila sentimita 5. Lile la kwanza lipime: bomba la PVC la inchi 4 linafaa, urefu uongezwe ukitaka kushuka. Mwisho wa ndani wa bomba ubaki mbali na ukuta wa boksi angalau sentimita 10. Kisha tafuta uvujaji: piga noti ya chini, pitisha mkono ulioloweshwa kwenye kona na kwenye soketi ya jeki. Upepo ukitoka pale, ziba kwa silikoni. Seremala wengi hufunga spika bila gasketi, hapo pia huvuja.

Haya ni makadirio ya boksi tu. Bila kujua takwimu za spika yenyewe siwezi kukwambia kama lita 60 zinaifaa.

#26 KambaNne
FundiMitambo, nimefanya ulivyosema. Boksi limerudi mita 1.5, nimegeuza chanya na hasi kwenye chaneli. A imerudi vizuri katikati ya ukumbi. Ila sasa E imepungua, na nyuma kabisa ya ukumbi A imepungua tena.

#27 FundiMitambo
Ukigeuza, mfuto unahamia noti nyingine, na boksi na ukumbi vinagawana zilizobaki. Ndiyo maana napendelea milisekunde kuliko kugeuza.

#28 JengoNaSauti
Na A ya nyuma kabisa? Pale sabwufa na boksi ziko karibu umbali uleule kwa msikilizaji, tofauti ni mita 3 tu, sawa na katikati. Mfuto wako ungekuwa sawa kote kwenye mstari huo. Huo ni ukumbi.

#29 MzeeDansi
Mkipiga nje mtaona jinsi dari na kuta zilivyokuwa zikiwasaidia. Harusi ya uwanjani, hakuna ukuta, besi ya boksi la inchi 10 mbili inaishia safu ya tatu. Kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Pale Ngome Kongwe Zanzibar, kuta za mawe na juu wazi, ni jambo jingine tena: mawe yanarudisha, anga hairudishi. Nje usipandishe besi kwenye hedi, utaichosha. Liweke boksi chini kwenye ardhi, liegemee ukuta wowote ulio imara, besi nzito iachie sabwufa.

#30 BezNairobi
Mzee, na kamba tano? Kijana wetu ana B, boksi likishazibwa vizuri linaimba 45. Lokati niweke ngapi isiue B yake? Kuna kichujio cha desibeli 12 kwa oktavu na cha 24.

#31 DadaBesi
30 Hz. B ni 30.9, ukipanda juu yake unamkata.

#32 FundiBoksi
Dada, kwa boksi la 45 hiyo B haitoki hata usipokata, koni inapepea tu. Inayosikika ni oktavu yake, 62 Hz. Ndugu, weka 35 na uchague cha 24. Kwenye B yenyewe tofauti ni ndogo: cha 12 kinaishusha desibeli 4 hivi, cha 24 tano na nusu. Tofauti iko chini, kwenye 20 Hz ambako vidole vikigonga kamba na mtu akikanyaga jukwaa koni inaruka bila faida. Pale cha 12 kinazuia desibeli 10, cha 24 kinazuia karibu 20.